Sanifu, Sheng au mafumbo: ubishane siasa mtandaoni kwa lugha ipi?

Mtu ana hoja kuhusu kodi mpya au barabara ya kata isiyokwisha. Anaiandika kwa Kiswahili sanifu, aya tatu zilizonyooka, na watu kumi wanaisoma hadi mwisho. Mwenzake aliye Nairobi anaisema hiyo hiyo kwa maneno manne ya Sheng, na kufikia usiku imesambaa mji mzima, ila hakuna ofisi iliyolazimika kuijibu. Wa tatu yuko Tanga. Anatupa methali iliyokatwa mkia, kila mtu anajua anasemwa nani, na hakuna wa kumshika shati.

Wote watatu wamefanya kazi ya maana, lakini wamevuna vitu tofauti. Wa kwanza amepata kumbukumbu ya maandishi, wa pili amepata umati, wa tatu amepata upenyo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya anayesita kati ya njia hizo: mwenye ukurasa wa habari za mtaa, admini wa kundi la WhatsApp, kijana wa harakati, mgombea udiwani, au mwananchi aliyechoka kupuuzwa.

Vigezo vya kupimia

Kila lugha hapa inapimwa kwa mambo matano. Nani ataelewa, na nani atabaki nje. Hoja ina uzito gani, yaani kiongozi anaweza kubanwa nayo? Utani wake unatengenezwaje. Huharibika vipi. Na sheria inaitazamaje, kwa kuwa Kenya na Tanzania zina vifungu ambavyo mtu hukumbuka siku ameitwa kituoni. Mwisho wa kila lugha pametajwa inayemfaa.

Kiswahili sanifu

*Nani ataelewa.* Hii ndiyo lugha inayovuka mipaka. Posti iliyoandikwa Mombasa itasomeka Mbeya, Bujumbura na Muscat bila mkalimani. Kenya ina nguvu ya ziada: Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hivyo ofisi ya umma haina sababu ya kukataa swali kwa kuwa limeandikwa kwa Kiswahili. Anayebaki nje ni kijana asiye na subira na maandishi marefu, na huyo si mtu mdogo katika siasa za leo.

*Uzito wa hoja.* Hapa sanifu haina mshindani, na siri iko kwenye kitenzi. Linganisha: "fedha zimepotea", "fedha zimepotezwa", "fedha zimeibwa". Ya kwanza haina mtendaji kabisa, kana kwamba fedha zilitembea zenyewe. Ya pili inasema kuna mtu, na inaacha wazi kama ni uzembe au kusudi. Ya tatu ni tuhuma ya jinai. Msemaji wa serikali huchagua ya kwanza, mwenye hasira huchagua ya tatu, na mara nyingi ushahidi uliopo unatosha kwa ya pili tu. Vivyo hivyo "madiwani huiba" ni hukumu ya tabia ya madiwani wote, ilhali "madiwani hawa wameidhinisha malipo haya" ni jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Mfano mmoja unaojirudia kila Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowasilishwa bungeni Tanzania: mtu anaandika kuwa halmashauri imepata "hati safi", kwa hiyo hakuna wizi. Sivyo. Hati safi ina maana kwamba taarifa za hesabu zimeandaliwa kwa usahihi unaokubalika kulingana na viwango. Fedha zinaweza kuwa zimeandikwa vizuri na zimetumika vibaya. Ukitaka kubana, acha hati, nenda kwenye hoja zilizotajwa ndani ya ripoti, andika mwaka wa fedha, kiasi na ukurasa, kisha funga kwa swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Swali moja tu. Ukiuliza matano, utajibiwa lile jepesi.

*Utani.* Wengi hudhani sanifu haichekeshi, na hapo wanaidhulumu. Ngeli ni silaha. Kiumbe chenye uhai kwa kawaida huchukua upatanisho wa a-/wa-: "waziri amesema". Mpeleke kwenye ngeli ya ki- na useme "kile kiwaziri kimesema", na umempunguza kimo bila tusi hata moja. Mpeleke kwenye ji- na "jiwaziri limenena", amekuwa dude linalojaza mlango. Utani huu ni wa haraka, haugusi kabila wala dini, na kila msomaji wa lugha anauhisi papo hapo. Usitumie zaidi ya mara moja kwa posti. Ukiendeleza upatanisho huo aya nzima, msomaji anaanza kuona chuki badala ya kejeli.

*Huharibika vipi.* Kwa kuiga lugha ya mkutano wa wadau. "Changamoto" limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu: mgomo ni changamoto, daraja lililoanguka ni changamoto, mishahara isiyolipwa miezi mitatu ni changamoto. Anayeikosoa serikali kwa maneno ya serikali hasikiki kuwa anaikosoa. Sema "daraja limeanguka".

*Sheria.* Uwazi una gharama yake, maana kilichosemwa wazi hukukabili wazi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaadhibu uchapishaji wa habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, ambayo vifungu vyake vya habari za uongo viliandikwa na faini ya hadi KSh milioni 5. Vimepingwa mahakamani tangu mwaka ule ule, kwa hiyo angalia hali yake ya sasa kabla ya kuvitegemea au kuviogopa. Kinga ya kwanza ni ile ile ya kitenzi: usiandike "ameiba" pale unapoweza kuthibitisha "alitia saini".

*Inamfaa nani.* Anayetaka jibu, si makofi. Pia anayeandikia wasomaji wa nchi zaidi ya moja.

Sheng na lugha ya mitaani

*Nani ataelewa.* Sheng ilikua Eastlands ya Nairobi na inabadilika mtaa kwa mtaa. Bongo ina lugha yake ya mitaani, na hizi mbili hazilingani hata kidogo. Chukua pesa, ambazo ndizo roho ya kila ubishi wa siasa. Mtanzania akisema "buku" ana maana ya shilingi elfu moja, na "jero" ni mia tano. Mkenya ataita elfu moja "thao" au "ngiri". Noti ya mia tano ya Kenya iliitwa "jirongo" tangu uchaguzi wa 1992, kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza YK'92, kundi la kampeni la KANU, chama tawala cha siku hizo, wakati noti hizo zilipomwagika. Neno hilo ni hoja nzima ya siasa iliyofichwa ndani ya jina la noti, lakini kwa msomaji wa Dodoma ni sauti tu.

*Uzito wa hoja.* Sheng huita watu barabarani kuliko inavyoweza kujibishana na hati. Juni 2024, wakati wa kupinga Muswada wa Fedha wa Kenya, kazi iligawanyika vizuri. Maneno makali ya Sheng na hashtegi yalikusanya watu. Lakini yaliyowabana wabunge ni maelezo ya kifungu kwa kifungu, mengi yakiwa kwenye video fupi na kwa lugha nyingi za Kenya: kwamba mkate ungetozwa VAT ya asilimia 16, kwamba magari yangetozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa Juni 18, kabla hata ya umati kuingia bungeni Juni 25. Anayesema Sheng peke yake ndiyo iliyoshinda anasahau waliokaa usiku kucha na muswada mkononi. Anayeidharau naye ajiulize nani angesikia maelezo yale bila umati.

*Utani.* Hapa ndipo penye utajiri, na kanuni zake zinaonekana ukizitafuta.

Jina la utani la siasa likikaa, mara nyingi lina silabi mbili au tatu na linaweza kuimbwa na umati: Za-ka-yo, Ka-so-ngo, wan-tam, yote yakimlenga rais wa Kenya. Pili, lina hadithi ambayo kila mtu anaijua tayari. Rais William Ruto alipoitwa Zakayo, hakuna aliyehitaji maelezo, kwa kuwa mtoza ushuru aliyepanda mkuyu yumo katika Luka 19 na watoto wa Kenya wamemwimba kanisani. Tatu, jina linabeba kitenzi chake: "Zakayo, shuka" ni amri iliyokuwa tayari ndani ya hadithi. Na hadithi hiyo ina akiba ambayo wabishi wengi hawajaigusa: Zakayo wa Luka aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. "Rudisha mara nne" ni dai zito kuliko "shuka", kwa kuwa lina hesabu ndani yake.

Upande wa sarufi, Sheng hujenga kwa kuchezea viungo vya Kiswahili. "Hatupangwi" ni sanifu safi. Ukiinyoosha mkia ikawa "hatupangwingwi", imekuwa wimbo wa kampeni ya 2022. Silabi hugeuzwa, "stori" ikawa "risto". Kiambishi ka- hudunisha: "kamuswada", "kawaziri". Neno la Kiingereza lenye maana ya muhula mmoja likasagwa likawa "wantam", na wafuasi wa rais wakajibu kwa "tutam" wa mihula miwili. Ona kwamba jibu lilifuata umbo la shambulio. Ukiwa upande wa kujibu, hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi: chukua umbo lao, badili namba.

Tanzania mkondo ni tofauti kidogo. Maneno ya mtaani ya siasa hutulia na kuingia lugha ya kawaida: "vyuma vimekaza" kwa ugumu wa maisha, "upigaji" kwa wizi wa mali ya umma, "chawa" kwa anayeishi kwa kumsifia kiongozi. "Chawa" ni neno kamilifu. Lina mnyonyaji, lina mnyonywaji, na linamfanya hata anayesifiwa aonekane amechafuka.

*Huharibika vipi.* Kwanza kwa umri. Neno likifika kinywani mwa waziri, vijana wameshaliacha, na mgombea anayelitumia miezi sita baadaye anaonekana amevaa nguo za mwanawe. Pili kwa kutekwa. Agosti 2023 Ruto aliwaambia wakiritimba wa sukari kwamba "mambo ni matatu": wahame nchi, wafungwe, au wasafiri kwenda mbinguni. Mtandao ukayabeba maneno hayo na kumrudishia yeye. Lako nalo linaweza kubebwa hivyo hivyo. Tatu, manukuu ya kiotomatiki ya video huikosea Sheng vibaya, kwa hiyo andika manukuu mwenyewe.

*Sheria.* Wengine hudhani Sheng ni mlango wa nyuma. Si kweli. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ya Kenya ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki, na "hatupangwingwi" lilikuwemo pamoja na "madoadoa". Kuliweka lile la kwanza humo palibishaniwa sana, na ubishi huo ulikuwa na haki: kauli ya ukaidi si sawa na kauli ya kufukuza watu makwao. Hata hivyo liliandikwa.

*Inamfaa nani.* Anayetaka watu wajitokeze, anayeongea na rika lake, na anayejua mtaa wake unasema nini wiki hii.

Mafumbo, methali na vijembe

*Nani ataelewa.* Wazee, akina mama wa vikundi, watu wa pwani, na yeyote aliyelelewa na kanga ukutani. Kijana wa mjini asiyejua methali atapita bila kugundua kwamba kimepita kisu.

Desturi yenyewe ni kongwe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, alijibizana kwa mashairi katika ugomvi wa ukoo wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said wa Oman, na beti hizo zilipigana vita vyake kwa njia yake. Wanaodhani kujibizana hadharani kwa vijembe kumeletwa na simu wanakosea kwa miaka mia mbili.

*Uzito wa hoja.* Fumbo halina ushahidi ndani yake na halidai jibu. Nguvu yake iko kwingine: anayelijibu amejitaja. Diwani akikasirikia fumbo lisilo na jina, amekiri kwamba viatu vimemtosha. Kwa hiyo usitegemee fumbo likuletee risiti za ujenzi wa zahanati, ila linaweza kumfanya mtu ajifichue.

*Utani.* Fumbo zuri lina vipande vitatu: methali inayojulikana, badiliko moja, na wakati. Methali isemayo "mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" tayari inamhusu kiongozi aliyelewa sifa. Igeuze mwisho, "mgema akisifiwa, chawa hunenepa", na umemwongeza mhusika wa pili. Badili neno moja au mawili mwishoni, kamwe si mwanzoni, kwa sababu msomaji anahitaji kuitambua methali kwanza ndipo ateguke. Litoe siku ile ile ya tukio. Fumbo la juzi ni kitendawili kisicho na jibu. Na usilifafanue kwenye komenti. Anayeuliza "unamaanisha nani?" mwachie mwingine amjibu.

Utani wa "kula" na "kura" nao huibuka kila msimu wa uchaguzi, na haujachakaa kwa kuwa jambo lenyewe halijabadilika: mtu hupewa kitenge na kilo ya sukari, halafu huulizwa kura. Ila utani huo una shimo. Ukiacha siasa ukaanza kucheka kabila fulani kwa jinsi linavyotamka r na l, hoja imekufa na umebaki na dharau.

*Huharibika vipi.* Kila upande hulichukua kuwa lake. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" litashangiliwa na chama tawala na upinzani kwa pamoja, na wewe hujasema kitu. Ubaya mwingine hutokea pale anayesemwa ni mwanamke. Mafumbo ya jiko, chungu na mwiko huja haraka sana ulimini, na yakija yanaacha kumsema waziri au rais na kuanza kumsema kila mama. Hayo hayana hoja yoyote kuhusu bajeti. Yaache.

*Sheria.* Fumbo humpa msemaji nafasi ya kusema "sikumtaja mtu", na kwa vijembe vya kawaida nafasi hiyo inatosha. Lakini kuna mpaka ambapo fumbo ni baya kuliko tusi: linapowafanya watu wa kabila au asili fulani kuwa wadudu, magugu au uchafu. "Madoadoa" lilitumika Bonde la Ufa tangu machafuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaonyesha majirani wa kufukuzwa. Rwanda, neno "inyenzi", yaani mende, lilitangazwa redioni kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Hapo hakuna cha utani wala cha ufasaha. Admini wa kundi alifute mara moja na aseme kwa nini amelifuta.

*Inamfaa nani.* Anayeishi karibu sana na anayemkosoa, mtumishi asiyeweza kusema wazi, na mwenye jukwaa la watu wazima.

Ukisahihishwa Kiswahili katikati ya hoja

Hili huwapata wote, hasa Wakenya wakibishana na Watanzania. Unauliza fedha za maji zimekwenda wapi, unajibiwa kuwa ni "yuko" si "ako". Namna ya kutoka ni sentensi moja: "Asante, ni yuko. Waziri yuko wapi na fedha za maji?" Umekubali sahihisho, umelitumia, umerudi kwenye swali. Ukianza kutetea "ako", mwenzako ameshinda, kwa kuwa sasa mnajadili lugha.

Kuna pia ule mzaha kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Kati ya marafiki haudhuru. Katika mjadala wa siasa za kanda unawafungia mlango watu unaowahitaji. Kongo Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa, na Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu kina kanuni zake ambazo wasemaji wake hawakuziokota njiani. Uganda baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Hao si maiti.

Kwa hali yako

Kama una hati mkononi na unataka ofisi ijibu, andika sanifu, na uweke picha ya ukurasa husika. Ukihitaji umati kesho kutwa, toa sentensi moja ya mtaani juu na maelezo sanifu chini yake. Mchanganyiko huo ndio uliofanya kazi Juni 2024, na hakuna aibu kuutumia.

Kama uko Tanzania, kumbuka kwamba X ilifungwa Mei 2025, kwa hiyo ubishi mwingi umehamia WhatsApp, Instagram na TikTok. WhatsApp huruhusu kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mkupuo, na ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi kwa moja tu. Fumbo la mstari mmoja hukwepa kizuizi hicho kwa kuwa watu hulinakili au kuliandika upya wenyewe. Aya tatu za sanifu hazina bahati hiyo, hivyo zigeuze picha moja inayosomeka bila kukuza.

Mgombea anayezunguka kata yenye wazee na vijana asijaribu Sheng asiyoizungumza nyumbani. Aseme sanifu nyepesi na methali moja, na vijana wake wa kampeni waseme yao kwa majina yao.

Mwalimu, muuguzi au mtendaji anayeogopa kuhamishwa atumie fumbo kwa kijembe, lakini ushahidi aupeleke kwa njia nyingine, kwa sanifu, kwa mkaguzi au kwa mwandishi wa habari. Na admini wa kundi la ukoo lenye watu wa Kisumu, Arusha na Muscat aweke kanuni mbili tu: hoja kwa Kiswahili ambacho shangazi ataelewa, na hakuna mtu kuitwa mdudu.